Mbwa mkubwa anakojoa ndani: je, ananikomoa?

*Shikamoo Mama. Nimechukua mbwa jike wa miaka kama minne. Huko alikotoka alikuwa akiishi kwenye banda la sakafu ya saruji na hakuwahi kuingia ndani ya nyumba. Ni mpole, habweki ovyo, lakini karibu kila siku anakojoa kwenye korido. Kinachonichosha ni hiki: namtoa nje nusu saa nzima, ananusanusa tu, hafanyi kitu. Tukirudi, hata kamba sijaifungua, anachuchumaa palepale mlangoni. Mume wangu anasema ananikomoa, na kwamba kosa lake analijua, maana nikikuta dimbwi anainamisha masikio na kujibanza ukutani. Tumemkaripia, tumemsugua pua kwenye mkojo, wapi! Jirani anasema mbwa mkubwa hafundishiki tena. Ni kweli? – Mwenye korido inayonuka*

Marahaba mwanangu. Jirani yako mwache aseme. Mbwa wa miaka minne ni rahisi kumfundisha jambo hili kuliko mtoto wa mbwa, kwa sababu kibofu chake kimekomaa. Mtoto wa miezi miwili hata akitaka kujizuia hawezi kwa muda mrefu. Huyo wako analala usiku kucha bila kukojoa, au sivyo? Basi uwezo anao. Anachokosa ni taarifa.

Sasa suala la pua. Acheni leo, wala msimalizie wiki. Mbwa haunganishi adhabu ya sasa na mkojo wa saa mbili zilizopita. Na hayo masikio yaliyoinama, mwambie mzee wako kwa upole kwamba yamekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio ambalo wenye mbwa waliambiwa kuwa mbwa wao kaiba chakula, wakati mwingine kweli na wakati mwingine si kweli. Ile sura ya “nimekosa” ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipokaripia, mbwa awe na hatia asiwe nayo. Kwa hiyo anayejibanza ukutani anausoma uso wako unapoingia mlangoni. Anaona balaa linakuja, basi.

Na hapa ndipo penye jibu la ile nusu saa yenu ya bure. Mbwa aliyekaripiwa akiwa anakojoa mbele ya mtu hajifunzi “usikojoe ndani”. Anajifunza “usikojoe mtu akikuona”. Halafu unamtoa nje ukiwa umeshika kamba, umemkodolea macho, hatua moja kutoka kwake! Atathubutu vipi? Anasubiri mrudi, unageuka kufunga mlango, anapata nafasi yake. Mimi hao nimewaona wengi, na karibu wote mwenye mbwa ananiapia kuwa ni ukaidi.

Kuna la pili: saruji. Mbwa huzoea kujisaidia juu ya kitu fulani anachokihisi kwa nyayo, na mazoea hayo huanza kujengeka akiwa na wiki chache tu tangu azaliwe. Wako maisha yake yote choo kilikuwa sakafu ngumu. Umempeleka kwenye majani, akashangaa. Umemrudisha kwenye korido, akahisi choo. Kwa hiyo usianze na majani. Tafuta sehemu ya nje yenye saruji au udongo mgumu, mwache akojolee hapo, kisha siku hadi siku usogee kidogo kidogo kuelekea unakotaka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtoe nje asubuhi mara tu anapoamka, baada ya kila mlo, baada ya kucheza au usingizi wa mchana, na mwisho kabla ya kulala. Katikati ya hapo usiache saa tatu zipite kwa sasa. Baada ya kula utumbo huamka, kwa hiyo haja kubwa mara nyingi huja ndani ya nusu saa. Ndiyo maana nakusihi umlishe kwa saa maalumu na kuondoa bakuli akimaliza. Chakula kinachokaa sakafuni kutwa humfanya mbwa ajisaidie saa usizozitarajia. Maji lakini usimnyime.

Nje, tumia kamba ndefu. Simama mbali naye, mpe ubavu, tazama kwingine kama mtu anayesubiri gari. Usimwimbie, usimhimize. Akianza kukojoa nyamaza. Akimaliza tu, palepale, mpe kitu kitamu kutoka mfukoni. Nimesema mfukoni. Ukimpa jikoni baada ya kurudi, umemlipa kwa kurudi jikoni. Na usimrudishe ndani mara tu anapomaliza, kwani mbwa mjanja akishagundua kuwa mkojo ndio unaomaliza matembezi ataubana ili aendelee kunusa. Akojoe kwanza, ndipo matembezi matamu yaanze.

Asipofanya kitu ndani ya dakika kumi, rudini, lakini asiachiwe. Hili ndilo watu hulikwepa kwa sababu linachosha: mfunge kamba kiunoni mwako akufuate unapofanya kazi zako, au akae kwenye kizimba kinachomtosha kusimama, kujigeuza na kujinyoosha. Baada ya dakika kumi na tano, nje tena. Kizimba kwa mbwa wako kina tahadhari. Mbwa wengi hawapendi kuchafua wanapolala, ila aliyekaa bandani akilazimika kulala penye uchafu wake anaweza kuwa amekwisha kuipoteza haya hiyo. Ukiona anakojoa humo na kulala juu yake, achana nacho, tumia kamba.

Ukimfuma katikati ya tendo, sema “twende” kwa sauti ya kawaida na mtoke haraka. Ukichelewa, deki unyamaze.

Kudeki nako kuna namna. Dawa zenye amonia ziache. Mkojo wenyewe unatoa amonia, utakuwa unamwekea alama ya choo. Za klorini usizimwage juu ya mkojo, mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma kifua. Kinachofaa ni kisafishaji chenye vimeng'enya, ambacho husagasaga kile kinachoacha harufu. Kausha kwanza kwa kitambaa, mimina dawa ya kutosha ifike mkojo ulipofika, kisha iache ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Watu hupuliza na kufuta hapohapo, halafu wanasema dawa ni mbovu.

Ukishika hivi bila kulegea, tarajia mabadiliko ndani ya wiki chache. Akikaa siku kadhaa bila ajali usimfungulie nyumba yote. Mwongezee chumba kimoja kimoja. Na kabla ya yote apimwe mkojo na daktari wa mifugo, maana mbwa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo hafundishiki hata na malaika.

*Mama, habari za kazi. Dume langu lina miaka sita, halijahasiwa. Halikuwahi kuchafua ndani mpaka tulipohamia nyumba nyingine. Sasa linanyanyua mguu kwenye pembe ya kochi na kwenye pazia, matone tu. Nilitoe mara ngapi ili limalize huko nje? – Kaka wa kochi*

Hata ukilitoa mara ishirini, kaka, litabakiza akiba. Matone machache, mahali pa wima, mguu juu: huko ni kuweka alama, kibofu hakihusiki sana. Nyumba ni ngeni, na huenda mbwa mwingine aliishi humo kabla yenu; wewe husikii harufu yake, yeye anaisikia. Safisha kochi kwa dawa ya vimeng'enya, pazia lifue na ulipandishe juu kwa sasa. Kisha umlishie na umchezeshee palepale kwenye kona ile, apaone kuwa ni mahali pa kula na kukaa. Usipokuwepo kumwangalia, asiwe sebuleni. Kuhasi hupunguza tabia hii kwa madume wengi, ila si wote, na aliyezoea miaka mingi huhitaji mafunzo pia. Zungumza na daktari.

*Shikamoo Mama. Bibi yangu wa miguu minne ana miaka 11, alifungwa kizazi zamani. Kila asubuhi tandiko lake limelowa. Mchana hana shida, anaomba mlango kama siku zote. Nianze kumfundisha upya? – Binti*

Marahaba binti yangu. Usimfundishe kitu. Anayelowa akiwa usingizini hajui hata kama amelowa. Kwa majike waliofungwa kizazi msuli unaobana njia ya mkojo unaweza kulegea, na zipo dawa ambazo huwasaidia wengi wao vizuri. Lakini kulowa huko kunaweza pia kutokana na kisukari, figo au maambukizi, kwa hiyo daktari atataka kujua anakunywa maji kiasi gani. Mpimie: jaza bakuli kwa kipimo, na kesho saa ileile pima kilichobaki. Mbwa wa kilo 20 anayemaliza zaidi ya lita mbili kwa siku anakunywa kupita kawaida. Hata ukikuta hivyo usimpunguzie maji kwa lengo la kuokoa tandiko. Kama figo ndizo mbovu, utamuumiza.

Mkojo wa kupima ukinge asubuhi, ule wa kwanza. Chukua chombo kipana kisicho na kina, kilichooshwa na kukaushwa, ukisogeze chini yake akishaanza kuchuchumaa, si kabla, atashtuka. Mimina kwenye chupa safi yenye kifuniko na uifikishe kwa daktari ndani ya saa chache. Ukichelewa iweke kwenye friji.