Huyo wa kijivu kwenye mgunga

Ndugu, huyo ndege uliyempiga picha Agosti kwenye mgunga karibu na Ziwa Elementaita ni mkamata-nzi wa kijivu, Bradornis microrhynchus. Kuza picha uangalie utosi: kuna vijistari vyembamba vyeusi, lakini kifua ni kitupu. Yule mkamata-nzi mgeni wa kutoka Ulaya ana vistari hadi kifuani, tena hufika kwetu Oktoba hivi, kwa hivyo huyo mtoe. Anayenichanganya hata mimi ni binamu wa huyu wa kijivu, mkamata-nzi wa hudhurungi iliyopauka. Ila utosi wake hauna vistari na mkia ni mrefu kidogo. Na unasema huyo wako alishuka chini akaokota mdudu, kisha akarudi tawini? Basi ndiye, hao huwinda hivyo hivyo.