Wembe wa kukunja wa zamani: maswali yenu kuhusu kutu, kinoo na mkanda

Nimeachiwa wembe wa kukunja ulioandikwa Solingen. Umejaa kutu. Nitajuaje kama bado unafaa? (Msomaji, Tanga)

Anza na makali, mengine baadaye. Chukua lenzi inayokuza mara 10, simama penye mwanga, kagua makali kuanzia shina (upande wa bawaba) hadi ncha. Kutu ya mgongoni au kwenye ubapa haina neno. Vishimo vyeusi vilivyofika kwenye makali ndivyo tatizo, kwa sababu kila kimoja kitageuka pengo ukianza kunoa. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, uweke wembe huo uwe kumbukumbu tu. Na makali yakiwa na rangi ya bluu, basi kuna mtu aliyeupitisha kwenye mashine ya kusaga. Joto limelainisha chuma na hayatakaa makali.

Solingen ya Ujerumani na Sheffield ya Uingereza zilitoa nyembe nzuri sana, kwa hiyo usikate tamaa kwa sababu ya sura. Ukikuta pia neno "Germany", huenda wembe ni wa baada ya 1891, kwa kuwa sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka.

Kutu naiondoaje bila kuharibu?

Pangusia mafuta ya taa, acha usiku kucha, mpini usiloe. Kisha msasa wa maji, namba 600, halafu 1000, halafu 2000, ukilowesha kwa mafuta ya cherehani. Laza wembe juu ya ubao, usugue kwa kufuata urefu wake, kidole kisivuke makali hata mara moja. Mgongo usiuguse kwa msasa: ndio unaoamua pembe ya kunolea, na ukiupunguza upande mmoja zaidi, wembe hautanoleka sawa tena. Doa jeusi lililobaki baada ya kutu nyekundu kutoka liache. Mashine ya kung'arishia hatuishauri kwa anayejifunza. Chuma chembamba hivyo hupata moto kwa sekunde chache.

Mpini ni mweupe. Ni pembe ya ndovu?

Angalia mwisho wa mpini kwa lenzi. Mistari myembamba inayokatizana ni dalili ya pembe ya ndovu. Vitundu vidogo vyeusi ni mfupa. Mistari iliyonyooka sambamba, kama imechorwa kwa rula, mara nyingi ni seluloidi, aina ya plastiki ya zamani. Seluloidi ikianza kunata au kutoa harufu kali, ing'oe: mvuke wake huozesha chuma, nayo hushika moto haraka mno. Kama ni pembe ya ndovu kweli, usiuze wala kununua. Kenya na Tanzania kuwa nayo bila kibali ni kosa. Ulizia mamlaka ya wanyamapori.

Nimenoa kwa kinoo cha namba 8000 jioni nzima, haukati hata nywele za mkono. Nakosea wapi? (Msomaji, Nakuru)

Umeanzia mwisho: namba ikiwa kubwa, kinoo ni laini zaidi. Kinoo cha 8000 hulainisha makali yaliyokwisha kuundwa, hakiyaundi. Kazi hiyo ni ya namba 1000, na ukiiruka hakuna kitakachoiziba baadaye.

Kwanza sawazisha kinoo chenyewe. Kichore miraba kwa penseli, kisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo mpaka alama zote zifutike. Kisha paka makali wino wa maka peni pande zote mbili. Laza wembe, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja (kisu huinuliwa mgongo, wembe hapana), usukume makali yakitangulia, kwa mwendo wa mshazari ili shina na ncha vipate zamu sawa. Piga mara tano, tazama wino. Pale ulipobaki, jiwe halijafika. Usikandamize kupafikia, wembe hupinda, makali huinuka. Endelea kwa mkono mwepesi mpaka wino uishe na nywele za mkono zikatike kwenye shina, katikati na nchani.

Hapo ndipo uende 4000, 8000, na 12000 kama unacho, kila kinoo kikifuta mikwaruzo ya kilichotangulia. Ukibandika tepu ya mafundi umeme mgongoni kuulinda, bandika tabaka moja na libaki hadi kinoo cha mwisho, ukibadilisha ikichakaa. Ukiibandua katikati, pembe hupungua na makali hayagusi jiwe tena.

Na mkanda wa ngozi?

Hapa ni kinyume cha kinoo: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Vuta mkanda ukaze, kwenda na kurudi mara 50, na ukifika mwisho geuza wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo. Mkanda ukilegea, makali huviringika, na kazi yote ya kinoo inapotea.

Naweza kuutumia kwa wateja saluni?

Hapana. Damu kidogo isiyoonekana inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B, na spiriti haifiki vizuri kwenye bawaba wala ndani ya mpini. Kwa wateja tumia kishikio cha wembe wa kutupa, mmoja kwa kila kichwa. Huu wako uwe wa ndevu zako, ukaushwe kila baada ya kunyoa na kupakwa tone la mafuta ya cherehani, hasa ukiishi pwani.