Mchezaji Apate Nini Akiiacha Njia Kuu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninabuni mchezo wa mtandaoni ambamo kila mchezaji huwa mhusika katika dunia moja na wenzake. Nimeweka misitu na mapango mengi, lakini wachezaji hufuata mshale wa ramani tu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mshale wenyewe, kwani anayeongozwa kila hatua hana sababu ya kuinua macho. Mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, uliotoka mwaka 2004, humpa mchezaji alama za uzoefu, yaani pointi za kumpandisha ngazi mhusika wake, anapokanyaga eneo jipya kwa mara ya kwanza; Guild Wars 2, wa mwaka 2012, humwonyesha aliyekwea hadi mahali maalumu mandhari yote inayomzunguka. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili, kwa sababu alama husahaulika upesi. Shida kubwa ya michezo ya mtandaoni ni kwamba siri ya sanduku lililofichwa huanikwa kwenye intaneti mara tu mmoja anapoligundua, na wengine huliendea moja kwa moja bila kutafuta. Kwa hiyo hamisha baadhi ya hazina mara kwa mara. Weka pia vitu visivyouzika: majivu ambayo bado yanafuka moshi kando ya mto, na nyayo za mtu mmoja zinazoingia pangoni bila kutoka.