Rafiki yangu amefariki, bado nasikiliza sauti yake

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Rafiki yangu tuliyesoma naye madrasa hapa Tanga alifariki miezi saba iliyopita. Namba yake sijaifuta, na usiku husikiliza sauti alizokuwa akinitumia kwa WhatsApp, nikalia. Ndugu mmoja kaniambia kuomboleza kukizidi siku tatu ni haramu. Je, napata dhambi? Na nimfanyie nini mwenzangu? Ameacha mjane na watoto wawili.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Pole sana, ndugu yangu. Allah amrehemu mwenzio na aipanue kaburi yake.

Siku tatu alizokutajia ndugu yako ni za mwanamke kuacha kujipamba kwa ajili ya maiti. Kwa mumewe ni miezi minne na siku kumi. Machozi hayakuwekewa siku. Mtume (s.a.w.) alilia mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf akastaajabu, naye Mtume akamwambia kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema: "Jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu." Kilichokatazwa ni mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kuilalamikia kadari.

Kuhusu hizo sauti, nilipolisoma swali lako nilimkumbuka Hala bint Khuwaylid, dada yake Khadija, mkewe Mtume. Khadija alifariki Makka kabla ya Hijra. Baadaye Hala akaja kubisha hodi kwa Mtume, na hodi ile ikamkumbusha hodi ya Khadija. Akashtuka, akasema: "Ewe Mola, ni Hala!" Basi usimwonee haya mtu kwa kushtushwa na sauti ya umpendaye. Ila kama ndani yake mna siri zake, usimsikilizishe mtu. Amana haifi na mwenyewe. Na zikikukosesha usingizi hata Alfajiri ikupite, ziweke kando kwa muda.

Sasa nimfanyie nini. Bibi Aisha anasimulia kuwa Mtume alikuwa akichinja mbuzi, akamkata vipande, akawapelekea marafiki wa Khadija. Hapa ndipo ninapotaka usimame, ndugu yangu. Aliyekufa hana haja tena na nyama, lakini waliokuwa wapenzi wake wapo, na Mtume aliwajua mmoja mmoja.

Anza na madeni. Uliza dukani, uliza kwa wenzake wa kazini. Sahaba Abu Qatada alibeba deni la maiti asiyekuwa nduguye wa damu, ndipo Mtume akamsalia maiti yule. Ukiweza kulipa lote, lipa. Usipoweza, kaa na wanaomdai uwaombe wasamehe.

Sadaka kwa niaba yake inamfikia, hilo halina utata. Khitma ya arubaini, yaani kisomo cha siku ya arubaini, ina maneno marefu ya wanazuoni, tutaliweka kwa siku nyingine. Dua mwombee kwa jina lake kila sijda: malaika husema "Amin, nawe upate mfano wake."

Kwa mjane nenda kwa adabu. Usiingie kwake peke yako; fuatana na mkeo, au pitia kwa kaka yake. Watoto waulize madaftari, viatu, ada ya madrasa. Na siku wakitaka kumsikia baba yao, chagua katika sauti ulizonazo ile aliyocheka, uwawekee.

Wallahu a'lam.