Mwanangu wanampeleka korti ya madawa, asaini?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama Mkongo, tuko Kentucky, tulikuja kama wakimbizi. Kijana wangu wa miaka 22 kakamatwa na vidonge vya fentanili, wakili wa bure aliyepewa anasema kuna korti ya madawa atatibiwa asifungwe, ila akubali kosa kwanza. Ana grinkadi tu. Asaini?

JIBU: Pole sana mama. Asisaini kwanza, nakuomba.

Korti yenyewe ni nzuri, siipingi. Ilianza Miami mwaka 1989 enzi za kokeini ya kreki, watu walikuwa wanafungwa wanatoka wanarudi walewale. Hapo hakimu, mwendesha mashtaka, wakili na watu wa tiba wanakaa pamoja kumjadili kijana, mwanzoni anaonana na hakimu kama kila wiki mbili, mkojo anapimwa bila kujua siku, kaunselingi juu, na hiyo ni mwaka mzima au zaidi. Akiteleza si lazima atolewe, anaweza kulala jela siku mbili tatu halafu anaendelea, akifanya vizuri hakimu anampongeza mbele za watu na wote wanapiga makofi (jamani hayo makofi yana nguvu, kijana aliyezoea kutukanwa tu). Akimaliza kesi inafutwa au adhabu inapungua.

Sasa shida iko hapa. Uhamiaji hawahesabu kama jimbo. Kijana akishakubali kosa na hakimu akampa masharti, kwao hiyo tayari ni hatia hata jimbo likija kuifuta, na kwa fentanili anaweza kurudishwa, yaani amepona, kapigiwa makofi, halafu anapoteza grinkadi.

Na huko huko Kentucky ndo ilitoka kesi ya Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, alitumikia jeshi la Marekani enzi za vita vya Vietnam, ana grinkadi miaka 40 na zaidi, wakili akamwambia usihofu uhamiaji akakubali kosa la bangi, kumbe linaweza kumfukuzisha nchini. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema wakili lazima amweleze mteja hatari hiyo kabla. Kwahiyo mama muulize wakili waziwazi, kijana anaweza kuingia kwenye tiba bila kukubali kosa? Sehemu nyingine wanaruhusu. Akisita, mwambie aongee na wakili wa uhamiaji kabla ya tarehe ya korti, na siku hiyo dai mkalimani wa Kiswahili, usimtumie mdogo wake kutafsiri.