Bei ya gesi au bei ya nyumba?

Dada, umeuliza uendelee kupanga au ununue nyumba. Umesema umepanga Shangani, hapa Mtwara, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anakuharakisha ununue nyumba ya Chuno "kabla mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, haujaanza." Hapo penye haraka ndipo pa kutulia.

Mtwara tumeshayaona haya. Gesi ilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 2010, viwanja vilipanda bei kila siku na wageni wakapanga nyumba kwa bei za Dar. Bomba la gesi la kwenda Dar likazinduliwa mwaka 2015, mafundi wakaondoka, nyumba zikabaki na vibao vya "Inapangishwa". Kwa hiyo usilipie leo mradi wa kesho. Jiulize tu: mradi usipokuja, bado utaitaka nyumba hiyo kwa bei hiyo?

Kama mtaji wako ni korosho, mimi ningepanga mwaka mmoja zaidi. Mkopo wa nyumba unadai kila mwezi, mnada wa korosho hauji kila mwezi (na malipo nayo yana siku zake). Kama una mshahara na kituo chako cha kazi hakihami, nunua, lakini omba upunguziwe bei baada ya msimu wa korosho, fedha zikishakauka mtaani.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa peke yake haitoshi. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, yaani uhakikishe nyumba ni ya nani kwenye kumbukumbu zao, na muuzaji akiwa ana ndoa, mwenza wake aridhie kwa maandishi. Dalali akinuna, mwache anune.