Ukiondoa sumaku, minyororo inakatika

Je, minyororo inayoundwa na shanga ndogo mno zinazovutwa na sumaku hubaki ukiondoa sumaku? Hapana, haibaki. Shanga za maabara za kunasia DNA zimejaa punje za magnetiti (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku) za nanomita 10 hivi, na punje ndogo kiasi hicho hazishiki usumaku wa kudumu. Ukisogeza sumaku, kila shanga inapata ncha mbili, kaskazini ya moja inavuta kusini ya jirani, na kwenye darubini utaona mistari myembamba, ndiyo minyororo yenyewe, ikirefuka kufuata uga, yaani mwelekeo wa nguvu ya sumaku. Iondoe sumaku tu: joto linageuzageuza usumaku wa punje ovyo, mvutano unakufa, shanga zinasambaa majini. Ila punje kubwa ni habari nyingine. Bakteria wa sumaku, aliowaeleza mtafiti Richard Blakemore mwaka 1975, wana ndani yao fuwele za sumaku za nanomita 35 hadi 120, na hizo hubaki sumaku hata pasipo uga wowote.